009, ya vakyumu tupu au ya mchanganyiko? Distribyuta ipi ikae kwenye VW yako hapa Unguja na Pemba

Kila wakikutana watu wenye Beetle au Kombi suala hili litatoka tu, iwe gereji ya Mwanakwerekwe au barazani baada ya magharibi: nitie distribyuta gani (kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi), 009 isiyo na kikopo au ile yenye kikopo cha vakyumu? Na jibu mara nyingi linakuwa la haraka, "tia 009 yakhe, haina mambo mengi", basi mtu anaagiza Dar, mzigo unakuja na boti, inafungwa, gari inawaka kwa ufunguo wa kwanza na kila mtu kafurahi, alafu siku mbili tatu mwenyewe anaanza kulalamika kwamba akikanyaga mafuta gari inakwama kidogo kwanza ndo inaondoka. Mimi nnasema kabla ya kuuliza distribyuta nenda kasome kabureta. Fungua bonneti la nyuma, futa ile mafuta na vumbi, utaona maandishi yamechongwa ubavuni, 28 PICT, 30 PICT-1, 30 PICT-3, 34 PICT-3, au utakuta kabureta mbili kabisa huku na huku. Hapo ndo uamuzi unapoanzia, mana distribyuta na kabureta kwenye gari hizi wameozeshwa, ukimuacha mmoja ukamleta mgeni lazima ujue wataelewanaje.

Kwanza tuelewane taiming inafanya kazi gani. Cheche ya plagi inatakiwa itoke kabla pistoni haijafika juu kabisa, mana petroli haiwaki yote kwa mpigo, inachukua muda kidogo, na tunataka ule mkandamizo mkubwa uje pistoni ikiwa imeshageuka inashuka. Injini ikizunguka kwa kasi muda unakuwa mdogo kwa hivo cheche lazima iwahi zaidi. Hilo moja. La pili wengi hawalijui: ukiwa unakwenda mwendo wa kawaida na mguu umegusa mafuta kidogo tu, hewa na petroli inayoingia ndani ni kidogo na inawaka polepole, kwa hivo inataka cheche iwahi zaidi tena kuliko pale unapokanyaga mpaka chini. Kwa hiyo kuna mahitaji mawili, kasi na mzigo. Vijiwe vya ndani ya distribyuta vyenye springi vinasikiliza kasi, vikizunguka vinatanuka na kuwahisha cheche. Kikopo cha vakyumu kinasikiliza mzigo kupitia mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta. Ukishalijua hili basi tofauti ya distribyuta zote unayo mkononi.

Na kwa nini tunalisumbukia sana kwenye injini ya kupozwa na upepo? Kwa sababu haina maji wala rejeta, inategemea feni na oili tu, na Beetle nyingi hata geji ya joto hazina. Taiming ikiwahi mno inagonga ndani, joto linapanda kwenye vichwa na juu ya pistoni, na ubaya wake ni kwamba ile feni ina kelele, mlio huo wa kugonga huusikii kama unavyousikia kwenye Toyota, utakuja kujua pistoni imeshatoboka. Ikichelewa mno nayo moto unatoka bado unawaka kupitia valvu za ekzosi, gari inakuwa nzito na vichwa vinachemka vilevile. Injini za kabla ya 1971 zina jengine tena, kipozeo cha oili kimekaa ndani ya boksi la feni juu ya silinda nambari 3, kwa hivo hewa inayofika pale imeshapashwa moto na oili, ndo mana silinda hiyo hufa mwanzo. Sasa chukua joto la kaskazi la mwezi wa pili, gari imejaa watu inapanda Masingini, utaona digrii tatu nne za taiming si jambo la kupuuza.

Haya, twende moja moja.

Ya vakyumu tupu ndo iliyokuja na magari mengi ya miaka ya 60. Ndani haina vijiwe kabisa, kuwahisha kote kunafanywa na kile kikopo. Inaonekana ajabu, kasi itajulikanaje? Inajulikana kwa sababu kabureta zake, 28 PICT na 30 PICT-1, zimetobolewa pahala maalumu ili ule mvuto upande kadiri hewa inavyopita kwa wingi. Kwa hivo kama gari yako ina kabureta yake ya asili, haijabadilishwa, na distribyuta yake ya asili haijachakaa, sioni sababu ya kuitoa. Inakwenda laini, inakanyagika bila kukwama, ulaji wa mafuta mzuri. Watu wanaitoa kwa kuambiwa ni ya kizamani tu.

Ila ina roho moja, nayo ni diafremu ndani ya kikopo. Ikitoboka huna kuwahisha hata digrii moja, gari inawaka vizuri na sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) inatulia vizuri lakini barabarani haina nguvu na inachemka, na fundi atahangaika na kabureta siku nzima. Kuipima hakutaki mashine. Fungua kifuniko cha distribyuta, chomoa mpira upande wa kabureta, utie mdomoni uvute. Ile sahani iliyobeba pointi, vile vidude vinavyofunga na kufungua umeme ili cheche itoke, unaiona inasogea. Ukishavuta ziba tundu kwa ulimi, subiri. Ikibaki palepale diafremu nzima, ikirudi taratibu imetoboka, na ikiwa haisogei kabisa basi ama imetoboka vibaya ama sahani imekamata kwa kutu, na kutu hapa kwetu usiulize. Angalia na mpira wenyewe, ukipasuka kwenye ncha kata ile ncha au badilisha, mambo ya senti.

Pale ambapo ya vakyumu tupu haifai ni ukiwa umebadilisha kabureta. Ukitia 34 PICT-3 au kabureta mbili ukaacha distribyuta hii, mvuto unaofika kwenye kikopo siyo ule iliotengenezewa, basi taiming inakwenda vyovyote. Hapo usibishane nayo, ibadilishe.

Sasa 009. Hii ni ya Bosch, nambari yake kamili inamalizikia na 009 ndo jina likabaki hilo, ina vijiwe tu na haina kikopo. Sifa yake kubwa ni kwamba haina diafremu ya kutoboka wala mpira wa kupasuka, na spea zake zimejaa dunia nzima. Kwenye injini inayozunguka kwa kasi moja muda mrefu, au yenye kabureta mbili kubwa ambazo hata tundu la vakyumu hazina, inafanya kazi vizuri na ndo chaguo langu pia. Mtu mwenye kabureta za Weber mbili au Kadron simwambii kitu chengine.

Tatizo ni kwenye gari ya kawaida yenye kabureta moja, na hizi ndo nyingi. Unapoondoka kutoka sailensi, unakanyaga, kipepeo cha kabureta kinafunguka, hewa inaingia ghafla na petroli inachelewa kufuata. Pale pale ndo kikopo cha vakyumu kingewahisha cheche ikaokoa, 009 haijui chochote mana kasi bado haijapanda, kwa hivo gari inazubaa. Dawa ya mafundi wengi ni kuongeza jeti kubwa na kuzidisha pampu ya kabureta mpaka kule kukwama kupungue. Kweli kunapungua, lakini umelipa kwa petroli, na kila ukitoka Mjini kwenda Paje au Makunduchi mwendo wa pole unaendelea kulipa, kwa sababu njia nzima unakwenda na mzigo mdogo na taiming imepungukiwa na zile digrii za vakyumu. Mtu anayekwambia 009 "ina spidi" muulize alipima kwa kitu gani. Kwenye kasi ya juu na mguu chini zote zinafika pale pale, digrii 28 mpaka 32. Tofauti iko kwenye mwendo wa kila siku, na mwendo wa kila siku wa hapa ni Darajani, Amani, raundi abauti, ng'ombe barabarani, simama ondoka simama ondoka.

Na kopi zake za bei rahisi ni nyingi mno. Ukipata moja, kabla hujalipa shika rota, kile kinachozunguka chini ya kifuniko, izungushe kufuata mshale wa saa alafu iachie, irudi yenyewe kwa nguvu ya springi bila kusita. Alafu tikisa shafti kushoto kulia, ukisikia inacheza bushi ni mbovu, cheche itakuwa inarukaruka na hutaweza kuiseti hata ukesha nayo.

Ya mchanganyiko, wenyewe wanaiita SVDA, ina vyote, vijiwe kwa ajili ya kasi na kikopo kimoja kwa ajili ya mzigo. Kwa Beetle ya kutembelea yenye 34 PICT-3, au 30 na 31 PICT-3, hii ndo ninayoisimamia bila kusita. Kule kukwama kunaondoka, sailensi inakuwa ya kueleweka, na ukienda mwendo wa kawaida cheche inawahi vya kutosha na injini inakuwa haina moto mwingi. Gari ileile, jeti zilezile za kiwandani, unaitia hii na unaona mtu anashangaa kwamba kumbe gari yake haikuwa mbovu.

Masharti yake ni mawili. Kwanza mpira uungwe kwenye tundu sahihi la kabureta. Tundu sahihi ni lile ambalo gari ikiwa sailensi ukiliziba kwa kidole husikii mvuto, ukikanyaga kidogo tu ndo kidole kinavutwa. Ukisikia mvuto gari ikiwa imetulia basi hilo siyo, ukiliunga taiming ya sailensi itapanda juu na gari itakuwa inapiga kelele haishuki. Pili usiichukulie kwamba itakaa na kabureta yoyote ya zamani, ile 28 PICT na 30 PICT-1 nimeshasema mvuto wake ulitengenezewa ndugu yake, ukiunga SVDA hapo kikopo hakitafanya kazi yake sawasawa. Mwenye kabureta hizo abaki na ya vakyumu tupu, au abadilishe vyote viwili pamoja.

Kuna na ile yenye kikopo cha mipira miwili, ilikuja kwenye magari ya mwanzo wa miaka ya 70, mpira mmoja unawahisha na mwengine unachelewesha wakati wa sailensi kwa ajili ya moshi. Hiyo kwa kitabu inasetiwa digrii 5 baada ya pistoni kufika juu, siyo kabla, na mipira ikiwa imeungwa. Watu wengi wanaziba upande wa kuchelewesha na kuiseti kama SVDA, digrii 28 mpaka 32 mipira ikiwa nje, inakwenda vizuri tu. Kama unayo na ni nzima usiitupe.

Nije kwenye pointi dhidi ya moduli ya elektroniki, mana hapa ndo ugomvi mwengine. Moduli ni kile kidude kinachotiwa ndani ya distribyuta pahala pa pointi na kondensa, waya mbili tu, nyekundu kwenye pozitivu ya koili, nyeusi kwenye negativu. Haichakai, haihitaji fila geji ya kupimia mwanya, taiming ikishakaa imekaa. Pointi zenyewe lazima uziseti mwanya wa milimita 0.4, na kile kipande cha plastiki kinachosugua kemu kikilika mwanya unapungua na taiming inachelewa kidogo kidogo bila wewe kujua. Kwa hivo kila ukigusa pointi lazima uguse na taiming, na mpangilio ni huo huo daima, mwanya kwanza, taiming baadae. Ukigeuza umefanya kazi bure.

Kwa maneno hayo moduli imeshinda, si ndio? Kwa mtu wa mjini mwenye betri nzima na chaji nzuri, ndio, hasa kwa hewa yetu ya chumvi, mana pointi za gari inayolala Nungwi au Jambiani karibu na maji zinapata ukungu hata gari ikiwa haitembei. Lakini moduli haikupi onyo. Pointi zinakufa kwa kulalamika, gari inamisi, inakuwa ngumu kuwaka, una wiki nzima ya kujua. Moduli inakata pale pale, na ukiwa umekwama Jozani saa moja usiku hakuna duka la moduli. Ukikosea pozitivu na negativu imeungua, ukiacha ufunguo wazi bila injini kuzunguka inaweza kuungua, betri ikiwa dhaifu wakati wa kustati inaweza isitoe cheche wakati pointi zingetoa. Na koili lazima iwe inayokubaliana nayo, hizi za aina ya kawaida zinataka koili ya kama omu 3, ukitia koili yenye omu ndogo unaichoma mwenyewe. Gari za umeme wa volti 6 zina moduli zake peke yake, usichanganye.

Ushauri wangu: Unguja mjini tia moduli, lakini sahani yenye pointi na kondensa zake zihifadhi kwenye dashibodi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na bisibisi. Pemba mie ningebaki na pointi, hasa mtu wa Konde au Micheweni huko, kwa sababu pointi fundi yeyote wa zamani anazijua, unazisafisha kwa msasa mwembamba ukafika nyumbani, na kondensa hata ukichukua ya gari nyengine ya pointi ukaifunga nje karibu na koili itakufikisha. Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwaka 2003, kwa hivo spea bado zinatengenezwa, tatizo letu ni bahari iliyo katikati tu.

Kepu, yaani kifuniko cha distribyuta, na rota usifanye ubahili. Chukua kepu yenye vichwa vya shaba, zile zenye vichwa vya alumini hewa ya pwani inazila unga mweupe. Wakati wa masika ifungue uifute ndani kwa kitambaa kikavu, ukiona mstari mweusi mwembamba kama nywele unatoka kichwa kimoja kwenda chengine hiyo kepu imekwisha, karenti inapita hapo, hata uifute vipi.

Sasa kuseti. Kuna njia ya balbu na njia ya taa ya kumulika, na watu wanazilinganisha kama vile moja ni ya maskini nyengine ya tajiri. Kila moja ina pahala pake.

Balbu ni kwa ajili ya kuanzia, na kwa distribyuta ya vakyumu tupu yenye pointi inatosha kabisa. Injini iwe baridi. Toa plagi ili izunguke wepesi, tia spana ya 21 kwenye nati ya puli ya dinamo au 30 kwenye boliti la puli ya chini, zungusha kufuata mshale wa saa mpaka alama ya puli ije sawa na ule mstari wa katikati ambapo nusu mbili za kesi ya injini zinakutana, na rota iwe inatazama mchirizi mdogo uliokatwa kwenye mdomo wa distribyuta, ile ndo silinda nambari 1. Alama ipi? Inategemea injini, 1200 ya nusu ya mwanzo ya miaka ya 60 ni digrii 10 kabla ya juu, 1300 ya 1966 na 1500 ya 1967 ni 7.5. Alafu legeza klampi ya distribyuta, unga waya mmoja wa balbu kwenye negativu ya koili, mwengine erthi, fungua ufunguo. Geuza mwili wa distribyuta kufuata mshale wa saa mpaka balbu izime, pointi zimefunga. Sasa irudishe kinyume cha saa polepole sana, kwa kidole kimoja kabisa, na pale pale balbu inapowaka simama. Kaza. Jaribu tena kwa kuzungusha injini duru mbili, balbu iwake pale pale alama inapofika. Isipofika sawa shafti inacheza, rudi kwenye habari ya bushi.

Lakini kwa 009 na SVDA balbu inakudanganya, na hili nalisema kwa msisitizo. Kinachoua injini ni digrii za juu kabisa, zile vijiwe vikiwa vimetanuka chote, na balbu inapima injini ikiwa imesimama. Vijiwe vya distribyuta kuukuu au kopi vinaweza kutanuka zaidi ya kawaida, ukaseti 10 chini ukapata 38 juu bila kujua. Kwa hivo tumia taa ya kumulika. Chomoa mpira wa vakyumu uzibe ule upande wa kabureta, washa injini ipate moto, bana klipu ya taa kwenye waya wa plagi nambari 1, pandisha mpaka mizunguko 3,000 na kitu mpaka uone alama haisogei tena, hapo iwe kati ya digrii 28 na 32. Mimi kwa joto la hapa na petroli ya hapa ninakaa 28 mpaka 30, sipandi. Alafu shusha sailensi uangalie imeangukia wapi, kwa SVDA itakuwa karibu na 7.5, kwa 009 mahala fulani kati ya 5 na 10. Ikiangukia kwengine kabisa usiifuate ya sailensi, fuata ya juu. Kama huna taa, ni kitu cha kuchanga watu watatu wanne wenye VW, inakaa kwa mmoja na kila mtu anaazima.

Puli nyingi hazina alama ya 30, na puli zenyewe zimeshabadilishwa mara ngapi hujui, kwa hivo usiziamini alama mpaka uzihakiki. Kuipata juu kabisa: chukua plagi kuukuu, toa kaure ya ndani, funga boliti refu lenye ncha laini, ifunge kwenye silinda 1 na plagi nyengine zote ziwe nje. Zungusha kwa mkono polepole mpaka pistoni iguse, usilazimishe, weka alama kwenye puli mbele ya mstari wa kesi. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama nyengine. Katikati ya alama mbili ndo juu kabisa. Alafu chukua futi ya fundi cherahani, izungushe kwenye ukingo wa puli, gawa kwa 12, mana digrii 30 ni sehemu moja ya kumi na mbili ya duara. Puli ya kawaida ya kama sentimita 17 upana inakupa sentimita 4.4 na kidogo. Pima kipande hicho kuelekea kulia kwa alama ya juu, wewe ukiwa umesimama nyuma ya gari unatazama injini, na upake rangi nyeupe ya kucha. Kulia, siyo kushoto, mana puli inazunguka kwa saa na alama ya 30 lazima ipite kwenye mstari kabla ya ile ya juu.

Kuifunga yenyewe wala siyo kazi. Distribyuta ya VW chini ina ulimi uliokaa pembeni kidogo, haupo katikati, kwa hivo inaingia njia moja tu, usiigonge kwa nyundo. Kabla hujatoa ya zamani weka injini kwenye silinda 1, piga picha kwa simu, angalia rota imetazama wapi. Ukichungulia chini tundu liwe wazi utaona mfereji wa shafti ya kuzungushia, silinda 1 ikiwa pahala pake mfereji unakuwa umeukata mstari wa kesi kama msalaba, na kile kipande kidogo kiko upande wa puli. Kama haiko hivyo kuna mtu alishaitoa shafti ile akairudisha meno mbali, na gari itawaka tu lakini waya za plagi zitakuwa zimehamishwa. Kama zimehamishwa na gari inakwenda vizuri, acha. Usiivute shafti hiyo kwa kujaribu, chini yake kuna washa nyembamba, ikianguka ndani ya kesi umejitafutia kufungua injini. Oringi ya distribyuta badilisha, ipake oili kidogo. Waya za plagi zipange kufuata saa kwa faringi oda, yaani zamu ya silinda kupata cheche, 1-4-3-2, na silinda zenyewe ukisimama nyuma, kulia mbele ni 1, kulia karibu na wewe 2, kushoto mbele 3, kushoto karibu na wewe 4.

Ukimaliza ipeleke barabarani ikiwa na watu ndani, ikiwa peke yako haitakwambia kitu. Kwa Unguja ule mlima wa Masingini unatosha, Pemba unayo milima ya kuchagua kati ya Chake na Wete. Panda kwa gia ya tatu mwendo mdogo, kioo wazi upande wenye ukuta au miti ili sauti irudi, kanyaga taratibu. Ukisikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo, simama uiache ipoe, geuza distribyuta kufuata saa digrii mbili, kaza klampi, piga taa tena kwenye kasi ya juu, na upande mlima uleule.